Nani Alikata Paa la Gari Letu

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi ya kukunja vidole.

Mlima Meru hauonekani. Tangu Jumatano wingu limeulalia, manyunyu yanakuja na kuondoka, na nguo nilizofua juzi bado zina unyevu kwenye kola. Nimekaa jikoni kwa sababu ndipo penye joto. Chai nimeipasha mara mbili, na mara mbili imepoa mbele yangu.

Mnaonisoma hapa mmezoea niandike mambo ya cherehani. Ngozi bandia inayopasuka na isiyopasuka, wateja wanaotaka viti vya gari vya rangi ya maziwa na nyumbani wana watoto watatu. Leo sina hayo. Leo nina uchungu, na uchungu ukiufungia ndani unachacha.

Nianze na mume wangu. Anaitwa Idd, ni fundi bodi. Sote wawili ni Warangi wa Kondoa, ila tulikutana hapa hapa Arusha, Daraja Mbili, mimi nikishona viti vya magari kwenye kibanda cha shangazi yangu, yeye akinyoosha bodi gereji ya jirani. Alikuwa akija kuomba uzi. Fundi bodi anayeomba uzi kila siku, hata shangazi alijua anachotafuta.

Kazi aliyoipenda Idd kuliko zote ni kuchukua gari kuukuu lililotelekezwa na kuligeuza likawa kitu ambacho waliolitengeneza hawakukiota. Anakata nguzo za paa na kulishusha mpaka madirisha yabaki membamba kama macho ya mtu anayelenga. Boneti anaitoa ili injini ionekane. Injini ndogo inatoka, kubwa inaingia. Tairi za nyuma pana, za mbele nyembamba. Mitandaoni wanayaita hot rod. Sisi tuliyaita magari ya kukatwa, kwa sababu yote yalianza na msumeno.

Na yalikuwa na watu wake, msidhani. Alikuwepo daktari wa meno mmoja, Singasinga mwenye karakana ya mbao, mkulima wa kahawa kutoka Tengeru, na mwenye duka la vifaa vya umeme ambaye mkewe alimkataza na akaja vilevile. Jumapili tulikuwa tukitoka nao kwa msafara, tunapita Ngaramtoni mpaka Oldonyo Sambu, na wachungaji wa kule wanasimamisha ng'ombe ili watutazame. Siku moja mzee mmoja wa Kiarusha alimuuliza Idd, kwa upole kabisa, gari lile lilikosa nini hata likakatwa kichwa. Idd alicheka mpaka tunafika mjini.

Viti vya magari yote yale nilishona mimi.

Watu wale wakaisha. Mmoja alihamia Dar kwa wanawe. Mwingine magoti hayamruhusu tena kuingia kwenye gari lenye paa la chini. Daktari wa meno tulimzika. Na vijana hawakuja kujaza nafasi zao.

Si kwamba vijana hawapendi magari. Wanayapenda kupita sisi. Ila wengi wao wanataka Subaru inayobweka kila inapopunguza mwendo. Wale wachache wanaopenda ya zamani wanataka kitu kingine kabisa, wanataka originali. Rangi iwe ya kiwandani, kioo cha kiwandani, hata kitasa cha mlango kiwe kilekile kilichotoka nacho. Namjua kijana wa Sekei aliyetafuta taa ya nyuma ya Landrova kwa miezi sita, na alipoipata aliiposti kama mtu aliyepata mtoto. Kwa watu hawa gari la kukatwa si gari la zamani. Ni gari lililoharibiwa.

Mwaka wa tatu sasa Idd hajakata gari. Anachomelea mageti. Mageti yake ni mazuri, yana maua na mikunjo, na mtu akiyasifia anajibu asante kwa sauti ya mtu aliyepewa pole.

Likabaki gari moja, letu wenyewe.

Tunamwita Nyati. Alikuwa Pijo 404. Idd alimkuta nyuma ya banda kwenye shamba la kahawa Usa River, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Alimfanyia kazi miaka miwili, kila alipopata nafasi. Paa alilishusha kwa upana wa kiganja changu. Nakumbuka kwa sababu alikichukua kiganja changu akakipima kabisa, akaniambia nisimame palepale, nisicheke, nisisogee. Binti yetu Nasra alijifunzia kuendesha humo, na kwa sababu ya lile paa la chini mpaka leo huwa anainamisha kichwa kidogo akiwa kwenye usukani wa gari lolote.

Sasa kiwanja cha gereji hatunacho tena. Mwenye kiwanja alifariki, warithi wanataka kujenga fremu za maduka, na tumeambiwa mwisho wa mwezi huu tuwe tumeshatoka. Idd amepata kibanda cha kuchomelea mtaa wa Kwa Mrombo, chembamba, mageti yenyewe yatasimama nje. Nyumbani kwetu bajaji ikiingia uchochoroni inabidi watu wapande vizingitini. Na gari kama lile ukiliacha barabarani wiki moja, wa vyuma chakavu watakusaidia kulipunguza.

Basi Idd mwenyewe akatamka kwamba Nyati inabidi apate mtu mwenye uwanja. Alilisema mara moja tu, akila, na hakulirudia.

Nasra ndiye aliyeleta tumaini. Ana miaka ishirini na minne, yuko mapokezi kwenye hoteli moja ya watalii, na mapenzi ya magari aliyarithi kwa baba yake pamoja na ukaidi. Yumo kwenye kundi la vijana wa Arusha wanaokutanisha magari yao, na jana, Jumamosi, walikuwa na mkutano wao kwenye uwanja mmoja njia ya Kisongo. Wiki iliyopita alikuja nyumbani akasema, "Baba, mlete Nyati. Wapo wanaopenda za zamani siku hizi. Zimerudi."

Zimerudi.

Neno hilo moja lilimpa mume wangu ujana wa siku sita. Aliamka kabla ya alfajiri bila kuamshwa. Alimpiga Nyati polishi mpaka nikawa naona leso yangu ya kichwani kwenye mlango. Alipiga mluzi, na mimi sikumbuki mara ya mwisho kumsikia Idd akipiga mluzi. Nami nikaingiwa na wazimu huohuo. Vidole vyangu vina maumivu ya baridi, lakini nilishona viti upya, vyote, vyekundu vya kukoza na mkanda mweupe pembeni. Usiku wa Ijumaa alivishika, akavibonyeza, akasema, "Mama Nasra, hapa umenishinda."

Nilifurahi kama msichana. Naandika hili kwa sababu nataka likumbukwe kwamba tulifurahi.

Jana tukaenda. Idd alivaa shati lake la sikukuu. Manyunyu yalikuwa mepesi, ya kulowesha nywele tu. Pale uwanjani magari yalikuwa mistari mitatu. Mmoja wa Subaru, muziki juu na machalii wengi. Mwingine wa magari ya chini ya Kijapani, marefu, meupe, vioo vyeusi. Na mmoja wa Landrova na magari mengine ya zamani, na huko vijana walikuwa wamepiga magoti kwenye tope wakitazama nati za chini, wanaulizana kama ni zenyewe.

Nyati hakuwa na mstari. Kijana aliyekuwa akipanga alimtazama, akatazama huku na huku, akatuonyesha pembeni karibu na wauza mishikaki.

Walikuja, sisemi hawakuja. Wasichana wawili walikalia tairi la nyuma wakapigwa picha bila kuuliza. Chalii mmoja aliuliza kama ina turbo, akajibiwa haina, akaondoka kabla Idd hajamaliza sentensi. Mwingine akauliza, "Mzee, hii ndinga inakodishwa kwa video?" Idd alikuwa amejiandaa kueleza alivyounganisha gia boksi ya gari moja na injini ya gari lingine. Alikuwa amekaa na maelezo hayo wiki nzima. Hakuna aliyeuliza.

Kisha Nasra akaja na mtu.

Anaitwa Brayson, Mmeru wa Nkoaranga, kama miaka thelathini hivi. Ningependa kuandika kwamba alikuwa na majivuno. Hakuwa nayo. Alitupa shikamoo wote wawili, mmoja mmoja, akavua kofia. Akamzunguka Nyati polepole, akachuchumaa, akasoma namba ya chasisi kwa sauti, na uso wake ukafunguka.

"Mzee, hii chasisi ni nzima kabisa," alisema. "Hamna kutu. Nimetafuta 404 yenye chasisi nzima miaka miwili."

Idd akaanza kunyooka mgongo. Brayson akapitisha kidole gumba kwenye nguzo ya paa, taratibu, juu mpaka chini, na katikati kidole kikasimama. Pale ndipo Idd alipoungia. Chini ya puti na rangi, hakuna mtu aliyewahi kupaona. Yule kijana alipapata kwa kidole.

"Fundi aliunga vizuri," akasema. "Vizuri sana. Lakini aisee, mzee..." Akatikisa kichwa. "Nani aliiharibu hivi?"

Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonichoma.

Nikamsubiri Idd. Mume wangu akiulizwa habari za paa lile anaweza kuongea tangu adhuhuri mpaka alasiri. Nilisubiri amwambie kijana huyu ni nani aliyelikata, na kwa nini, na aliota nini kabla ya kulikata. Idd alimtazama Nasra. Nasra alikuwa anatazama viatu vyake.

"Sijui," Idd akasema. "Nilinunua likiwa hivi hivi."

Nimeandika sentensi hiyo na nimeitazama muda mrefu. Miaka miwili ya mikono yake. Ngozi iliyoungua, macho yaliyowasha mpaka nikayawekea viazi vilivyokatwa. Sijui. Nilinunua likiwa hivi hivi.

Na mimi? Mimi mwenye mdomo, ninayegombana na wauza nyanya? Mimi nilisema nini?

Nilisema, "Viti lakini ni vipya."

"Nimeviona, mama, ni vizuri," Brayson akajibu kwa adabu. "Ila si vya 404."

Halafu akatoa simu akatuonyesha picha. Ilikuwa picha ya zamani iliyopigwa tena kwa simu. 404 nyeupe imesimama mbele ya kanisa, na mbele yake mwanaume mrefu mwenye suti iliyombana mabegani. Babu yake, mwalimu wa shule, Mlutheri wa wale wanaofika kanisani kengele ya kwanza. Gari lake lilikuwa la kijiji kizima, alisema. Limepeleka wajawazito hospitali, limepeleka maharusi kanisani, limerudisha marehemu nyumbani. Babu alipougua likauzwa, na hakuna anayejua liliishia wapi. Bibi bado yupo. Brayson anataka kabla bibi hajaondoka aione tena 404 nyeupe uani kwake, kama ilivyokuwa kwenye picha. Kama ilivyokuwa kabisa.

Kisha akageuka kwa Idd. "Nasra ameniambia wewe ni fundi bodi, mzee. Paa ninalo, nililipata kwenye 404 iliyopata ajali Babati. Unaweza kunirudishia likawa la kawaida?"

Nilimwomba Mungu Idd akasirike. Angekasirika mara moja tu, ningempikia pilau.

"Naweza," akasema.

Wakapatana bei palepale, tukarudi nyumbani. Idd alimpeleka Nyati gereji akaenda msikitini. Nikabaki na Nasra hapa jikoni, na hasira yote ambayo haikupata njia kule uwanjani ikapata njia hapa.

"Ulijua?" nikamuuliza. "Ulijua huyo kijana anataka originali?"

"Nilijua, Mama."

"Ukamwambia baba yako zimerudi."

"Zimerudi kweli. Zisizokatwa." Akaanza kulia, na akawa anafuta machozi kwa hasira. "Ningemwambiaje? Picha ya Nyati waliiweka kwenye grupu, Mama. Wakacheka. Mmoja akaandika aliyefanya hivi afungwe. Nikatoka kwenye grupu siku mbili, halafu nikarudi, kwa sababu ni humo tu ningempata mtu wa kumchukua. Brayson peke yake hakucheka. Ulitaka nimpeleke kwa nani? Wa vyuma chakavu?"

Nikasema neno ambalo silifuti kwa kuwa nililisema. Nikamwambia, "Umemuuza baba yako."

Nasra akachukua mkoba wake akaenda kazini bila kula. Chapati zake bado ziko kwenye hotpoti. Nimezitazama asubuhi hii, nikafunika tena.

Idd aliporudi kutoka msikitini nilimkalisha kwenye kigoda kile kidogo kama mtoto aliyekosa. Nikamuuliza kwa nini alijikana mwenyewe mbele ya mwanawe.

"Sikujikana," akasema. "Nilimrahisishia. Angejua ni mimi angeona haya, angeanza kusema nitafikiria, nitapiga simu. Tuna siku ngapi kwenye kile kiwanja?"

"Na kazi ya kulirudisha paa? Hiyo nayo ulimrahisishia?"

Akasema, "Nisipopewa mimi atapewa mwingine. Ataingia na grinda kwa pupa, avunje nguzo, apindishe mlango. Mimi ninajua nilipoungia. Bora nifungue mimi."

Kuna wanawake wangelia hapo, wakamkumbatia. Mimi niliinuka nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Nilimchukia kidogo kwa upole wake. Ni rahisi kuishi na mtu mpole mpaka siku unapohitaji apige meza.

Leo asubuhi tukampeleka Nyati Nkoaranga. Mimi nilisema siendi, kisha nikawa wa kwanza kukaa garini. Tulipita Tengeru, barabara imelowa, injini inanguruma vile inavyonguruma, na watoto waliokuwa wanakwenda kanisani wakapiga kelele na kutupungia. Idd akawapigia honi. Tulipokata kona ya kupanda mlimani aligusa dashibodi kwa vidole viwili kama anavyogusa paji la uso la mtu mwenye homa, akadhani sikumwona.

Kwa Brayson ni uwanja mzuri, migomba, banda la bati safi, zana zimetundikwa ukutani kila moja mahali pake. Nilitafuta kasoro nikakosa. Paa la ile gari ya Babati lilikuwa limelazwa juu ya magogo mawili.

Bibi yake akarudi kutoka ibada wakati tunashusha viti. Bibi mfupi, mwavuli mkononi, kitabu cha nyimbo kwapani. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akasimama mbele ya Nyati muda mrefu.

"Hili silo letu," akasema.

"Litakuwa, bibi," Brayson akamjibu.

Idd alisikia. Alikuwa ameshachukua chaki. Akasimama kando ya Nyati, akachora mstari kwenye nguzo ya kwanza. Hakupima. Hakugonga kwa kucha kutafuta puti. Akaenda nguzo ya pili, akachora. Ya tatu. Ya nne, ile ya nyuma ambayo mshono wake hauendi sawa na mingine bali umepinda, kwa sababu siku ile umeme ulikatika katikati ya kazi. Akachora na kule kupinda kwake. Yote chini ya rangi, yote bila kupima, kama mtu anayeandika jina lake.

Brayson alikuwa ameshika kikombe cha chai cha kumpa. Akakiweka chini. Akapitisha kidole gumba juu ya mstari wa chaki, nguzo baada ya nguzo, na kila mahali kidole kikasimama palepale chaki ilipo. Nikamwona anaelewa. Masikio yake yakabadilika rangi.

"Mzee," akasema. "Samahani."

"Ya nini?"

"Ya jana."

"Jana kulikuwa na manyunyu tu," Idd akasema. "Niletee jeki."

Mtaniambia hapo moyo wangu ulitulia. Haukutulia. Kijana aliomba radhi, na naamini aliomba kwa dhati, lakini hakubadili nia. Wala sioni angeibadili kwa nini. Ana babu yake kwenye simu na bibi yake uani. Yeye anataka gari la babu yake, mimi nataka la mume wangu, na gari ni moja. Mdogo akaleta chai, mkubwa akaomba jeki, na paa likakatwa. Niliposikia grinda ikigusa chuma nikatembea mpaka kwenye migomba na kusimama huko kama mtu anayekagua mikungu.

Nimerudi peke yangu. Idd amebaki huko, atakuja jioni, atakwenda tena kesho, na keshokutwa, mpaka paa lisimame. Viti nimekuja navyo kwa kirikuu, kile kipikapu kidogo cha kukodi. Brayson alitaka kuvihifadhi bandani, nikamwambia viti vyangu havihifadhiwi. Viwili viko hapa jikoni, na kimoja nimekikalia ninapoandika. Ni kizuri. Kinakaa vizuri mgongoni. Hakuna gari duniani kinapoingia.

Kitu kinachonitafuna zaidi si paa. Bati ni bati. Ni kwamba mtu anaweza kufanya kitu kimoja vizuri kuliko wote mjini, na kabla hajafa likaja kundi jipya lenye macho mazuri, lenye kupenda kitu kilekile alichokipenda, likaita kazi yake uharibifu. Kama wangekuwa wajinga ningewadharau na kulala. Brayson si mjinga. Alipapata pale kwa kidole. Ndiye mtu pekee katika miaka yote hii aliyeiona kazi ya Idd kwa ukaribu ule, na amemwajiri aifute.

Na tena nimuulize nani: sisi tulipochukua gari la kuku la Usa River tukalitia msumeno, tulimuuliza mtu lilikuwa la nani, lilibeba nani? Hatukuuliza. Hilo nalo nimelifikiria leo kule kwenye migomba, na halijanipa raha yoyote.

Nasra hajapiga simu. Zamu yake ya leo inaisha saa kumi na moja. Nitapanda Sekei nimsubiri kwenye geti la hoteli na hotpoti yangu, na nitamwambia kwamba hakumuuza baba yake, kwamba mimi ndiye niliyesimama pale nikaongea habari za viti. Sijui kama nitaweza kulisema lote. Nitaanza kwa kuiitikia shikamoo yake kabla hajanipa, atacheka, labda itatosha kuanzia.

Lakini kabla sijaondoka, niandike hili, mahali ambapo hata wale wa kwenye grupu wanaweza kulisoma. Yule kijana aliuliza swali mbele ya watu na akapewa jibu la uongo, na mimi nilikuwepo nikanyamaza.

Paa la Pijo ile lilikatwa na Idd, mume wangu, fundi bodi wa Daraja Mbili. Alilikata kwa msumeno wa mkono kwa sababu grinda aliona ina haraka. Alijua anachofanya, na alikipenda. Na viti nilishona mimi.